Daftari la mbolea ya ruzuku libandikwe ukutani

Kwa Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti lako niwafikie Waziri wa Kilimo, serikali ya Kaunti ya Bungoma na madiwani wetu kuhusu jambo moja la mbolea ya ruzuku. Siandiki kulalamikia bei, kwa sababu bei imeshuka na mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Wala sitaki kurudia habari za foleni, ambazo magazeti yameziandika msimu baada ya msimu. Ninaloomba ni kwamba daftari la wakulima, yaani orodha inayoonyesha nani wa kijiji gani ameandikiwa mifuko mingapi na nani ameichukua, litolewe ndani ya kompyuta lilimofungiwa, libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya chifu, na lisomwe barazani kabla ya mvua za Machi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninalima mahindi na maharagwe kwenye ekari mbili na nusu upande wa Tongaren, na kwa miaka kadhaa nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima. Ukatibu huo ndio ulionipeleka kwenye ghala tulilopangiwa, siku moja ya Aprili mwaka jana, nikiandamana na jirani yangu.

Jirani huyu ni mjane wa miaka 63, mwenye ekari moja ya urithi na nyingine anayokodi kila mwaka. Makarani wa usajili walipofika kwa chifu, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanga foleni, akatoa kitambulisho, akataja nambari ya simu na ukubwa wa shamba, yote yakaandikwa. Msimu wa kwanza hakupata arafa yoyote, akadhani zamu yake haijafika. Msimu wa pili, mvua zilipoanza na wenzake wakaanza kuonyeshana ujumbe wa mbolea kwenye simu zao, alikuja kwangu jioni na simu yake ndogo ya vibonyezo aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la leso. Aliniambia, "Mwalimu, hebu niangalizie, pengine imeingia nami sijui." Niliusoma ujumbe mmoja baada ya mwingine. Palikuwa na matangazo ya bahati nasibu, salamu za mwanawe aliye Eldoret, na taarifa za pesa alizotumiwa za karo ya mjukuu. Habari za mbolea hazikuwamo.

Kesho yake tulipanda bodaboda, Sh300 kila mmoja kwenda, na Sh300 nyingine zikitungoja kurudi. Tulifika kabla ya saa moja asubuhi, tukafika dirishani saa nane mchana. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta alikuwa na adabu, nami ningependa hilo lijulikane, kwa maana alikuwa amekaa pale tangu alfajiri bila chakula kama sisi. Aliingiza nambari ya kitambulisho, akageuza kioo cha kompyuta ili tujionee wenyewe. Jina la mama lilikuwapo. Kijiji kilikuwa sahihi. Ekari zilikuwa mbili na mifuko ilikuwa minne, miwili ya kupandia na miwili ya kukuzia. Lakini kwenye nambari ya simu, tarakimu mbili za mwisho zilikuwa zimepinduliwa, 36 mahali pa 63. Kwa misimu miwili, kwenye simu ya mtu asiyemjua mama huyu, wala mama hamjui, arafa za mbolea ya mjane wa Tongaren zilikuwa zikiingia. Mifuko ya msimu uliotangulia ilionyeshwa kuwa imechukuliwa. Imechukuliwa na nani, yule kijana hakuwa na namna ya kujua.

Hapo ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike barua hii. Ili kumpata mama, kijana yule alikuwa amepitisha majina ya kijiji chetu mbele ya macho yangu kwa muda usiozidi nusu dakika. Sikukusudia kuyasoma, lakini mtu aliyefundisha katika eneo moja kwa miaka mingi hawezi kuona majina ya wanafunzi wake na wazazi wao yakipita akafumba macho. Katika nusu dakika hiyo niliona jina la mzee tuliyemzika Novemba 2023, bado ana mifuko. Niliona jina la kijana ambaye amehamia Mombasa miaka mingi iliyopita na ambaye nyumbani hana hata tuta la sukuma wiki, ameandikiwa ekari nane, ilhali boma lote la baba yake halifikii ekari tatu. Na sikuliona kabisa jina la bibi mmoja ambaye shamba lake linapakana na langu na ambaye namjua kuwa alisajiliwa, kwa sababu nilikuwa nyuma yake kwenye foleni.

Naomba msomaji alipime hilo. Mtu mmoja, bila kuombwa, bila mafunzo ya ukaguzi wala kompyuta, ameona makosa matatu kwa nusu dakika. Kijiji kizima kikikaa chini ya mti alasiri moja na majina hayo yakasomwa kwa sauti, ni kosa gani litakalobaki? Liguru wetu, yaani mzee wa kijiji, anajua mpaka wa kila shamba na anajua ni nani amekodisha, nani ameuza na nani amefariki. Wanawake wa kijiji wanajua zaidi yake. Maarifa haya yapo, hayalipiwi mshahara, na hakuna anayeyatumia kwa sababu walio nayo hawajawahi kuonyeshwa orodha.

Masahihisho ya nambari ile yalituchukua wiki tano. Ghalani tuliambiwa turudi kwa chifu. Kwa chifu tukaelekezwa ofisi ya kaunti ndogo, na huko tukaambiwa mfumo umefungwa kwa wakati ule. Tulipofanikiwa, Mei ilikuwa imefika katikati na mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Mama alikuwa ameshapanda kwa samadi ya ng'ombe wake mmoja na kilo chache za mbolea alizonunua kwa kupimiwa dukani, akiigawanya kwa kifuniko cha soda, shimo moja hadi jingine, hadi ilipokwisha kabla hajamaliza ekari ya kwanza. Mwaka alioazima pesa akanunua mbolea ya kutosha alikuwa amevuna magunia 26 ya kilo 90 katika ekari zake mbili. Mwaka jana alivuna magunia 9. Kodi ya ile ekari ya pili hakuweza kuilipa, na mwaka huu inalimwa na mtu mwingine.

Nieleze sasa kwa nini daftari ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mpango wa sasa ulipozinduliwa Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa madukani kwa takriban Sh6,500 ulishushwa hadi Sh3,500, na mwaka 2023 ukashushwa tena hadi Sh2,500. Ili kuwajua wanaostahili, serikali iliwasajili wakulima kupitia machifu na wasaidizi wao, wakaingizwa katika mfumo wa kidijitali unaoitwa KIAMIS. Mkulima hutumiwa arafa inayomweleza idadi ya mifuko, huenda kwenye ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao au kituo kingine kilichoteuliwa, hulipa sehemu yake kwa simu, na hubeba mzigo wake. Sehemu iliyobaki hulipwa na Hazina ya Taifa, mbali kabisa na macho yetu.

Maana yake ni kwamba ruzuku hii haipiti mkononi mwa mkulima hata kwa dakika moja. Hakuna bahasha tunayopokea, hakuna hundi, hakuna mahali ninapotia saini kwamba leo serikali imenilipia kiasi fulani. Lakini kiasi hicho kipo. Tukikadiria kwamba Hazina hubeba Sh3,000 tu kwa kila mfuko, basi kila mifuko milioni moja ni Sh3 bilioni, na kikundi kidogo kama chetu, chenye wakulima 40 wenye haki ya mifuko minne kila mmoja, kinalipiwa Sh480,000 kwa msimu. Pesa hizo zimetolewa kwa majina yetu. Kama jina langu limetumika kutoa pesa za umma, ni haki yangu kujua kwamba limetumika, na ni haki ya jirani yangu, ambaye ni mlipa kodi kila anunuapo sabuni na mafuta ya taa, kujua vilevile.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni. Si geni hata kidogo. Mpango wa Kilimo Plus ulipoletwa mwaka 2007, mkulima maskini alipewa vocha ya kutosha ekari moja, yaani kilo 100 za mbolea na kilo 10 za mbegu, na hapa kwetu majina ya waliochaguliwa yalisomwa barazani mchana kweupe. Nakumbuka kelele za siku ile, na nakumbuka kwamba majina mawili yalifutwa pale pale kwa sababu wenyewe waliona aibu kusimama na kujitetea mbele ya watu waliojua mali zao. Orodha za basari za wadi hubandikwa hadi leo. Vyama vya ushirika vya kahawa, huko Mlima Elgon na kwingineko, vimezoea kubandika kilo za kila mwanachama kwenye ukuta wa kiwanda, na mzee asiyejua kusoma humleta mjukuu wake amsomee. Tulipoacha karatasi tukaingia kwenye kompyuta, tulipata kasi, na nashukuru kwa kasi hiyo, lakini tulipoteza ukuta, na hakuna aliyetuuliza kama tuko tayari kuupoteza.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishwaji wa wananchi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma kutoa habari fulani yenyewe bila kungoja kuombwa, na ikiombwa, ijibu ndani ya siku 21. Jedwali la Nne la Katiba linaiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo na kuipa kaunti shughuli za kilimo chenyewe, na mgawanyo huo mara nyingi umegeuka kisingizio, kwa maana ukiuliza kaunti utaambiwa mbolea ni ya serikali kuu, na ukiuliza serikali kuu utaambiwa maafisa wa nyanjani ni wa kaunti. Ukuta wa ofisi ya chifu hauhitaji ugomvi huo. Chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, afisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti, na wote wawili wanaweza kusimama mbele ya karatasi moja.

Nchi nyingine zimeshaipita hatua hii, na si nchi tajiri peke yake. India, ambako tangu 2019 wakulima hulipwa rupia 6,000 kwa mwaka kwa awamu tatu chini ya mpango wa PM-KISAN, orodha ya wanufaika inaweza kutazamwa mtandaoni kijiji kwa kijiji. Marekani, shirika lisilo la kiserikali liitwalo Environmental Working Group limekuwa kwa zaidi ya miaka 20 likichapisha malipo ya ruzuku ya kilimo, likitumia rekodi za serikali yenyewe, hivi kwamba mwananchi wa kaunti ya mashambani anaweza kuona nani katika kaunti yake amepokea kiasi gani. Ni kwa njia hiyo ndipo watu wa kawaida huko walipojionea jinsi sehemu kubwa ya malipo inavyowaendea wenye mashamba makubwa. Mjadala wao kuhusu ruzuku ni mkali, lakini hujadiliwa kwa hesabu ambazo kila upande unaweza kuzikagua.

Yaliyotokea Ulaya yanafaa kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu yanagusa pingamizi ambalo hata mimi naliheshimu, nalo ni faragha. Umoja wa Ulaya uliwahi kuchapisha majina ya wote waliopokea ruzuku ya kilimo. Wakulima wa Ujerumani walipinga, na Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba kuchapisha jina la kila mtu binafsi bila kutofautisha kiasi alichopata wala muda aliopokea kulizidi kile kilichohitajika. Uwazi haukufutwa. Mwaka 2013 sheria iliandikwa upya, majina yakarudi, isipokuwa ya wale wanaopokea kiasi kidogo kisichozidi yuro 1,250 kwa mwaka. Kwa hiyo waliuliza kila kitu kionekane na nani, kwa kiasi gani na kwa sababu gani, kisha wakaweka mpaka.

Nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na sitaki ivunjwe. Ndiyo sababu siombi orodha yetu iwekwe kwenye intaneti, ambako mtu wa mbali asiye na haja nayo ataichukua na kuitumia atakavyo. Naomba ibandikwe ukutani, mahali wanapopita watu wanaojuana tayari. Iwe na jina, kijiji, ekari, aina ya mbolea na idadi ya mifuko, na isiwe na nambari ya kitambulisho wala ya simu. Atakayetaka kuhakikisha tarakimu za simu yake atamwendea karani na kitambulisho chake mkononi. Baada ya mavuno iondolewe. Kuna walioniambia kwamba wezi watajua nani ana mbolea. Jibu langu ni kwamba mbolea haifiki nyumbani kwa siri: inakuja mchana juu ya bodaboda, mfuko mweupe wa kilo 50 unaoonekana kutoka kilima cha pili, na kijiji kizima kimeshajua kabla dereva hajashusha. Kinachofichwa na mfumo wa sasa ni mifuko isiyofika kijijini.

Wengine wanahofia wivu na uhasama. Uhasama upo tayari, na unalishwa na uvumi. Katika kikundi chetu kuna watu wawili ambao hawasalimiani tangu mwaka juzi kwa sababu mmoja anaamini mwenzake alipewa mifuko kumi kwa kujuana na mkubwa fulani. Mimi siamini hivyo, lakini sina karatasi ya kumwonyesha.

Ningependa pia tukumbuke yaliyotokea mwaka 2024. Wakulima waliuziwa, kupitia mpango huu huu wa ruzuku, mifuko ya bidhaa ambayo haikutimiza viwango. Mambo yalifika Bunge la Taifa, ambako Mei mwaka huo hoja ya kumwondoa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ilijadiliwa, na kamati teule ikaamua kwamba tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa. Sina la kuongeza juu ya uamuzi huo. Ninachosema ni kwamba serikali iliahidi kuwafidia walionunua mifuko ile, na ahadi ya namna hiyo haitekelezeki ila kwa kujua nani alichukua mfuko upi, lini, katika ghala gani. Daftari lililo wazi lingemwezesha mkulima kusema, "Hili hapa jina langu, hii hapa aina ya mbolea niliyopewa," bila kulazimika kuleta kiroba kitupu kama ushahidi. Nimewaona watu wakileta viroba hivyo, vimekunjwa kwapani, vingine vikiwa vimeshakatwa kuwa mikeka ya kuanikia mahindi.

Nimetaja aina ya mbolea, na hapo naomba niruhusiwe kukaa kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe halizungumzwi vya kutosha. Udongo wa sehemu nyingi za Magharibi, kuanzia Bungoma na Kakamega hadi Vihiga, Busia na Siaya, una asidi nyingi. Asidi ikizidi, fosforasi unayoitia kwenye shimo hufungwa na udongo, mmea usiipate, na mizizi huumizwa na alumini. Kutumia mbolea ya kupandia ya DAP mwaka baada ya mwaka, kama tulivyofanya kwa miongo, huongeza asidi hiyo. Wengi wetu tunahitaji chokaa ya kilimo kwanza, kisha mbolea inayolingana na kipimo cha udongo. Lakini ghalani mtu huchukua kilichopo, kwa sababu ametumia nauli na amesimama kutwa. Kama orodha ingeonyesha aina ya mbolea iliyopelekwa kila kijiji, afisa wa kilimo wa wadi angeweza kusimama barazani na kusema kwamba kijiji hiki kimeletewa isiyokifaa, nasi tungekuwa na muda wa kuuliza. Leo hata yeye haioni orodha hiyo. Niliwahi kumuuliza mmoja, mtu mwenye bidii anayetumia pikipiki yake mwenyewe kutembelea mashamba, akaniambia kwamba hesabu ya mbolea ya wadi yake huisikia kutoka kwa wakulima.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara na kwa kaunti ni hili. Mwezi wa Januari kila mwaka, orodha ya kila kijiji ichapishwe na kubandikwe nakala tatu, kwa chifu, kwenye ofisi ya wadi na ghalani. Isomwe barazani kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, kwa maana wako wazee wetu wanaoelewa Kibukusu pekee, na wako majirani zetu Wateso, Wasabaoti na Wakalenjin wengine ambao nao wana haki ya kusikia. Ziachwe wiki mbili za masahihisho, na mfumo usifungwe ndani ya wiki hizo. Waliofariki waondolewe au haki yao ihamishiwe kwa anayelima shamba hilo sasa. Wanaokodi waandikwe kwa ekari wanazolima, kwa ushahidi wa liguru na mwenye shamba, maana wengi wao ni wanawake na vijana ambao jina lao halitaonekana kwenye hatimiliki yoyote katika maisha haya. Msimu ukiisha, orodha ya pili ibandikwe ikionyesha waliochukua. Karatasi za kijiji kimoja hazizidi nne au tano, na gharama yake haifikii bei ya mfuko mmoja wa ile mbolea.

Kwa mwaka huu Januari imetupita, lakini Machi haijafika, na wiki zilizobaki zinatosha kwa kazi ambayo vijiji vyenyewe viko tayari kuisaidia.

Madiwani wetu ninawaomba jambo jepesi zaidi. Mna kamati ya kilimo katika Bunge la Kaunti. Ombeni orodha ya wadi zenu, kila mmoja wadi yake, na mje nayo barazani. Hamhitaji kutunga sheria mpya ili kufanya hivyo.

Mwezi uliopita jirani yangu alikwenda tena kwa chifu kuhakikisha usajili wake, safari hii akiwa na ekari moja. Karani alimwambia kila kitu kiko sawa. Alirudi kwangu jioni ile ile na kuniuliza kama 63 ilikuwa imeandikwa 63, nami sikuweza kumjibu. Kwa hiyo tarehe 3 Februari nilipeleka kwenye ofisi husika barua ya kuomba daftari la kijiji chetu chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, nikaacha nakala moja na kurudi na nyingine yenye muhuri wa kupokelewa. Siku 21 hazijaisha. Nitakuandikia tena, Mhariri, kukujulisha jibu nitakalopewa.

Mwalimu mstaafu na mkulima,
Tongaren, Bungoma